Bolti 16 za chini ya Land Rover

Chini ya Land Rover ya Series III, ile iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, kuna propela shafti mbili. Moja inapeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, nyingine kwenye difu ya mbele. Kila propela ina flenji huku na huku, na kila flenji hufungwa kwa bolti nne. Jumla ni bolti 16, na hakuna hata moja inayofikia unene wa milimita kumi. Gari likipanda kuelekea Butiama limejaa mifuko ya saruji, nguvu yote inayolipandisha hupita katika flenji hizo.

Sasa ingia chini ya mojawapo ya Land Rover zilizobaki Musoma au Bunda. Lala chali juu ya kipande cha boksi kama mafundi wanavyolala, uziangalie hizo bolti moja moja. Usishangae flenji moja ikiwa na bolti za koo tatu: mbili za asili, moja imetoka kwenye Toyota, na ya nne imenunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, panapouzwa misumari na bawaba. Gari linatembea, na kwa kuwa linatembea hakuna anayelalamika.

Magari haya hayakufika mkoa wa Mara kwa bahati. Wamenonite walianza kazi Shirati mwaka 1934, mapadre wa Maryknoll wakaingia Musoma mwaka 1946, Serengeti ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na katikati ya hayo yote kulikuwa na pamba ya Bunda iliyotakiwa kufika kwenye vinu hata mvua ikinyesha. Gari lililoweza barabara za wakati huo lilikuwa Land Rover, na Bedford kwa mizigo mikubwa. Ofisi zilipozichoka ziliuzwa kwa mnada, wafanyabiashara wakazinunua, zikaendelea kubeba dagaa, mahindi na mabomba ya maji. Zilizobaki leo ni chache, lakini hazijawa pambo. Nyingi bado zinakula mzigo.

Na mafundi wa Mara ndio waliozifikisha hapo. Hilo lisemwe kabla ya lawama yoyote. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na spea zikawa habari ya kusikia. Mpaka bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, fundi wa gereji ya Musoma alikuwa anachonga, anachomelea, anatoboa upya, anafunga kwa alichonacho. Bolti ikipotea hakuuliza ni ya aina gani. Alitafuta inayoingia kwenye tundu. Watu walisafiri, wagonjwa walifika hospitali. Kumcheka fundi yule ni utovu wa adabu.

Tatizo ni kwamba shida ile ilipita, mazoea yakabaki. Kijana anayeshika spana leo alifundishwa na mtu aliyefundishwa katika miaka ile, na pamoja na ufundi amerithi kauli moja ambayo ingestahili kustaafu: bolti ni bolti tu.

Bolti ya propela ya Land Rover ina unene wa inchi tatu kwa nane, yaani milimita 9.5 na chembe kidogo, na nyuzi 24 kwa kila inchi. Kichwa chake kinataka spana ya inchi tisa kwa kumi na sita, ambayo ni milimita 14.3. Ndiyo maana spana namba 14 haiingii na namba 15 inacheza mpaka inazila kona za kichwa. Fundi asiye na spana za inchi ataiharibu bolti nzuri siku ya kwanza ya kuifungua. Akishaiharibu atahitaji nyingine, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Dukani atapewa ya milimita 10. Haiingii, kwa hiyo flenji itapanuliwa kwa drili, na ikishapanuliwa haitarudi tena kuwa ya asili. Au atapewa ya milimita 8, ambayo inaingia kwa raha zote. Raha hiyo ni milimita moja na nusu ya nafasi tupu kuizunguka bolti. Wengine huijaza nafasi hiyo kwa kuweka washa mbili kubwa, wakidhani washa inaziba. Washa haizibi chochote ndani ya tundu. Inafunika tu mdomo wake.

Kwa nini nafasi hiyo ni hatari, ikiwa bolti imekazwa? Hapa wengi wanakosea, hata mafundi wazuri. Inadhaniwa kwamba bolti inasukumwa pembeni kama pini, flenji moja ikiivuta nyingine kupitia mwili wake. Kazi yake hasa ni kuzibana flenji mbili kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano kati ya nyuso zake ndio unaobeba mzunguko. Bolti iliyokazwa sawasawa inavutika kidogo, na kule kuvutika ndiko kunakobana. Ikiwa laini, au ikiwa haikukazwa vya kutosha, flenji zinaanza kuteleza, mbele gia ikiingia, nyuma mguu ukiachia mafuta. Zikishateleza, bolti inapigwa nyundo kutoka pembeni mamia ya mara kwa siku. Nyembamba ya milimita 8 haitadumu.

Kwa sababu hiyo hiyo rangi mpya iliyopakwa katikati ya flenji kwa ajili ya urembo ni kosa. Rangi ni laini, inakandamizwa na kupungua taratibu, na bolti iliyokuwa imebana jana inalegea leo bila nati kuzunguka hata kidogo. Nyuso za flenji zinatakiwa chuma kwa chuma, zimesuguliwa msasa, zimefutwa grisi.

Halafu kuna ugumu wa chuma chenyewe. Bolti nzuri ya milimita ina namba kichwani. Iliyoandikwa 8.8 imetengenezwa kustahimili mvuto wa takriban megapaskali 640 kabla haijavutika moja kwa moja isirudi. Ile ya 4.6, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye mageti na mapaa, inaishia 240. Tofauti inazidi mara mbili na nusu, na kwa macho zote zinang'aa sawa. Bolti za inchi za mtindo wa Marekani hazina namba. Zina mistari kichwani, mitatu kwa daraja la tano, sita kwa daraja la nane. Bolti isiyo na alama yoyote kichwani haina kazi kwenye propela, hata kama muuzaji anaapa.

Mchanganyiko wa nyuzi una historia yake, na haukuanzia Mara. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 nyuzi za pembe ya digrii 55 zitumike nchi nzima. Wamarekani wakafuata za William Sellers za mwaka 1864, zenye digrii 60. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, mataifa hayo yakapigana upande mmoja huku nati za mmoja zikigoma kwenye bolti za mwenzake. Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kuwa na nyuzi za pamoja tarehe 18 Novemba 1948. Land Rover ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili mwaka huo huo, miezi michache kabla ya makubaliano. Kwa hiyo za mwanzo zilizaliwa na nyuzi za Kiingereza za zamani, za baadaye zikahamia kwenye nyuzi mpya, na gari lililopita katika mikono ya mafundi kumi linaweza kuwa na zote, pamoja na za milimita juu yake.

Mtego mbaya zaidi ni nyuzi zinazokubaliana kwa uongo. Nati ya Whitworth ya inchi tatu kwa nane ina nyuzi 16 kwa inchi, sawa na ile nene ya mtindo wa pamoja. Inaingia. Ila pembe ni tofauti, na vinavyogusana ni vilele vichache tu. Kwenye Toyota mtego uko hivi: bolti nyingi za milimita 10 za Kijapani zina kichwa cha namba 14 na hatua ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, wakati za dukani zina kichwa cha 17 na hatua ya 1.5. Nati ya dukani ikilazimishwa kwenye bolti ya Toyota huingia mizunguko miwili au mitatu kisha inakuwa ngumu. Kijana anaamini imekaza, kumbe imekwama. Dawa ni ndogo: nati ya kawaida ianze kwa vidole, na iende kwa vidole mpaka iguse. Ikikataa vidole, spana isiguswe.

Ifikapo kwenye kukaza, ubishi wa gereji hauishi. Vitabu vya Land Rover Defender, mrithi wa hizi za zamani, vinataka bolti za propela zikazwe kwa nyutonimita 47. Namba hiyo haina siri yoyote. Ukishika spana ya sentimita 20, unatakiwa kuivuta kwa nguvu inayolingana na kilo 24 hivi. Ukiongeza bomba mpaka ifike mita moja, kilo tano zinatosha. Na mwanamume mzima anapolilalia bomba hilo kwa kilo 30 za uzito wake, ameipa bolti zaidi ya mara sita ya inachotaka. Haikatiki palepale kila wakati. Mara nyingine inavutika, inakonda katikati, na inasubiri kukatika siku ya mzigo. Fundi huyo ataapa kwamba alikaza kuliko kawaida, na atakuwa anasema kweli.

Kuna jambo la oili pia. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono, takriban tisa kwa kumi, inaliwa na msuguano wa kichwa na wa nyuzi. Kinachobaki ndicho kinachovuta bolti. Ukichovya bolti kwenye oili chafu, kama ilivyo desturi, msuguano unapungua na mkono ule ule unaivuta zaidi. Namba za kitabu huwa zimepangwa kwa hali fulani, kavu au yenye mafuta, na fundi anayefuata namba afuate na hali yake.

Nani ana spana ya kupimia nguvu Bunda? Wachache. Wengi wanaegemea mkono, na mkono wa fundi mzoefu kwa kweli si wa kudharauliwa. Lakini mkono huchoka saa kumi jioni, na bolti ya kumi na sita haipati mkono ule ule ulioipata ya kwanza.

Barabara nazo zina neno lao. Kutoka Makutano kupita Butiama hadi Mugumu, na kutoka Bunda kwenda Kisorya kwenye kivuko cha Ukerewe, watu wamepanda magari juu ya changarawe yenye mawimbi kwa miaka mingi, ingawa lami imekuwa ikisogea. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua nati zaidi ya vyote ni mtikisiko wa kwenda pembeni, pale vipande viwili vinapoteleza kimoja juu ya kingine. Majaribio ya namna yake yamezivua nguo springi washa, ambazo mafundi wetu wanaziamini kupita kiasi: mtikisiko ukishakuwa mkali, haziizuii nati kuzunguka. Kinachozuia ni kubana kwa kutosha tangu mwanzo. Nati zenye nailoni ndani, ambazo ndizo za Land Rover, husaidia kwa kushika uzi. Zikishafunguliwa mara kadhaa nailoni inachoka. Nati ya namna hiyo ikiteremka kwa vidole peke yake mpaka mwisho, itupwe.

Kuna kazi moja ya dakika mbili ambayo ingeondoa kelele nyingi za chini ya magari. Propela inapotolewa ili krosi, kile kiungo kinachopinda mwishoni mwake, ibadilishwe, katikati ya propela kuna mahali inapoingiana na kurefuka au kufupika. Ikivutwa ikaachana, kisha ikarudishwa meno mawili pembeni, masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma hayatazamani tena. Krosi haizungushi kwa mwendo mmoja inapokuwa imepinda. Inaharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha. Zikipishana, zinaongezeana. Gari litatetemeka mwendo wa sitini, na mwenye gari atanunua bearingi, maunti za injini na matairi kabla ya kuambiwa ukweli. Mstari wa tindo au rangi kabla ya kufungua ungetosha. Mstari mwingine upigwe kati ya flenji na flenji, ili kila kitu kirudi kilipotoka.

Wenye Peugeot 404 wana afadhali hapo. Gari hilo, lililoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, lilificha propela yake ndani ya bomba lililofungwa kwenye difu, mbali na vumbi na mbali na vidole vya haraka.

Kwenye Land Rover za Series kosa la propela lina mkia mrefu zaidi, na madereva vijana wengi hawaujui. Handbreki yake haishiki matairi. Ina dramu yake nyuma ya transfa, nayo inashika propela ya nyuma. Bolti zikiachia, gari limepoteza mwendo na handbreki kwa mpigo mmoja. Ncha ya mbele ikianguka gari likiwa kasi, inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari. Na fundi anayefungua propela ya nyuma kwenye mteremko akiitegemea handbreki anajiwekea gari lisilo na breki juu ya kifua chake. Hata kupiga jeki tairi moja la nyuma kunatosha kuliachia, kwa kuwa difu inaliruhusu lililo hewani kuzunguka huku lililo chini likibingirika. Jiwe la mbele na jiwe la nyuma kwanza.

Basi alaumiwe nani? Ni rahisi kumnyooshea kidole kijana mwenye mikono ya grisi. Lakini keti gereji yoyote ya Mara asubuhi moja usikilize maongezi. Fundi anasema krosi imekufa, na bolti nane na nati zake zimechoka. Tajiri anatoa pesa ya krosi huku akinung'unika, na likija suala la bolti anacheka. "Hizo si zipo, fundi? Zirudishe hizo hizo." Deiwaka anasubiri gari kwenye kivuli, abiria wa mnadani wameshapiga simu, na fundi analipwa kwa kazi nzima, si kwa saa. Akitumia nusu saa kusugua flenji hakuna atakayemlipa nusu saa hiyo. Anarudisha zile zile. Ile iliyokatika anaitafutia mbadala kwenye kopo la chakavu, kila gereji ina kopo hilo, na gari linatoka saa tano kasoro.

Kwa hiyo mwenye gari ndiye wa kubadilika kwanza. Bolti za propela ziandikwe kwenye hesabu kama spea, zenye mstari wake na bei yake, ambayo mbele ya bei ya krosi ni ndogo. Aombe kuonyeshwa alama za kichwani kabla hazijafungwa. Akitaka uhakika zaidi, anunue chupa ya rangi ya kucha sokoni Musoma, na fundi akimaliza kukaza apake mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye flenji. Nati ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, na dereva anauona asubuhi kwa kuinama tu na tochi ya simu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kila mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inapokaribia, magari yanakaguliwa na kubandikwa stika: taa, matairi, breki, wakati mwingine kizimamoto na pembetatu. Ni nadra mkaguzi kulala chini ya gari lenye umri wa miaka arobaini na kushika propela kwa mkono, ingawa kwa gari la umri huo hapo ndipo pa kuanzia.

Na kuna taasisi ambazo tayari ziko mlangoni. VETA ina chuo Musoma, na SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hizi gereji, ina ofisi mkoani. Chuo kingeweza kutoa kozi fupi ya Jumamosi kwa mafundi wa mitaani, bila kudai cheti cha kidato cha nne, juu ya jambo hili moja: kusoma alama za bolti, kutambua nyuzi kwa kipimo chake cha majani ya chuma, kutumia spana ya kupimia. SIDO ingeweza kununua spana chache za namna hiyo na kuzikodisha kwa siku, Musoma, Bunda na Butiama, kwa kuwa fundi mmoja hawezi kuinunua kwa kazi mbili za propela kwa mwezi. Spana hizo ziwe na mtu wa kuzipeleka kupimwa usahihi wake mara kwa mara, vinginevyo baada ya mwaka zitakuwa zinadanganya kama mkono uliochoka. Seti moja ya spana za inchi iwekwe pamoja nazo, ikiwemo ile ya tisa kwa kumi na sita.